Tathmini ya uchafuzi wa kiwanja: uzoefu wangu kabla ya kununua gereji ya zamani

Nyota nne. Ya tano nitaieleza huko mbele.

Kiwanja kilikuwa gereji kwa miaka mingi, kikawa ghala, kisha kikakaa kitupu mpaka nyasi zikafika kiunoni. Muuzaji aliniapia kwamba hakina tatizo, "maana chini ni zege tupu." Nami nilikuwa nimechoka kutafuta, nikakaribia kumwamini. Walionizuia ni benki: bila ripoti ya tathmini ya mazingira, mkopo hakuna. Kwa hiyo nikiri mapema, huduma hii sikuifuata kwa busara yangu.

Nilidhani awamu ya kwanza ndiyo kupima udongo. Kumbe katika awamu hiyo hata koleo haligusi ardhi. Wanachofukua ni makaratasi: hati za wamiliki waliotangulia, ramani za zamani, picha za angani za miaka tofauti, vibali vya kuhifadhi mafuta. Halafu wanakikagua kiwanja na kuwahoji waliowahi kukitumia. Kampuni niliyoikodi ilifuata kiwango cha Marekani, ASTM E1527 toleo la 2021. Huko, tangu sheria ya mwaka 1980 iliyotungwa baada ya mkasa wa Love Canal, mtaa wa jimbo la New York uliojengwa juu ya taka za kemikali, mwenye kiwanja anaweza kubebeshwa gharama za kusafisha hata kama siye aliyechafua, na kufanya tathmini kabla ya kununua ni sehemu ya kujikinga. Niliposoma hayo kwenye mkataba nikajisemea, basi hapa nanunua karatasi ya kuwaridhisha benki.

Na mwanzo wake ulifanana na hivyo kweli. Kijana waliyemtuma alikaa kama nusu saa, akapiga picha, akaondoka. Nikalalamika. Safari ya pili akaja mtaalamu mwenyewe, mama mmoja mtu mzima, mkimya, ana tochi mkononi. Alifuata ukuta wa nyuma taratibu, akasimama mbele ya bomba jembamba la chuma lililopanda mpaka karibu na paa. Mimi nilikuwa nimelipita mara kumi nikidhani ni la maji ya mvua.

"Hili ni pumzi ya tangi," akasema. "Sasa tangi lenyewe liko wapi?"

Hatua chache kutoka pale, kwenye zege, palikuwa na kiraka cha mstatili, rangi yake imepauka kuliko sakafu iliyokizunguka. Hakusema kitu, akakipima kwa futi na kuandika.

Wiki iliyofuata alimpata fundi mzee aliyewahi kufanya kazi pale, nami nikaomba kuwepo. Mzee hakuhitaji hata kufikiri. "Matangi yalikuwa mawili, mwanangu. La dizeli walilitoa. La petroli liliwashinda, wakaliacha humohumo." Hakuna hati hata moja iliyokuwa na habari hiyo. Kwangu mimi, mazungumzo yale ya dakika kumi ndiyo yaliyolipa gharama yote.

Awamu ya pili ndipo mashine ya kuchimba ikaja. Udongo ulitoka ndani ya mirija mirefu ya plastiki angavu: juu kahawia ya kawaida, karibu mita tatu chini ukageuka kijivu chenye ukijani, na harufu ikatupiga kabla kifaa cha kupima mvuke hakijasogezwa. Kwenye maji ya ardhini nilijifunza uvumilivu. Chupa zao ni ndogo, mililita 40, zinajazwa mpaka ukingoni. Fundi anafunga, anaigeuza juu chini, anaigonga kwa kidole na kuitazama kwenye mwanga. Akiona kiputo cha hewa, anaanza upya na chupa nyingine, kwa sababu benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, hukimbilia kwenye hewa hiyo na maabara ikapima pungufu. Tena ndani ya kasha la barafu kuna chupa moja ya maji safi inayosafiri kwenda na kurudi bila kufunguliwa. Ikikutwa na benzini, ujue sampuli zimechafukia njiani.

Majibu: benzini ilipita mikrogramu 10 kwa lita, ambazo ndizo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Nilishtuka, lakini yule mama alinituliza kwa maelezo, si kwa maneno matamu. Petroli huelea juu ya maji, na vijidudu vya udongoni huila kidogo kidogo. Alichokiogopa zaidi ni vimumunyisho vya klorini vya kuoshea grisi kwenye vyuma, kwani hivyo ni vizito kuliko maji, huzama, na kuvifuata huko chini ni kazi ya miaka. Havikuonekana.

Sasa ile nyota. Ripoti ilichelewa kwa wiki kadhaa, na kiwango hichohicho wanachojivunia kinataka mahojiano na ukaguzi viwe vimefanyika ndani ya siku 180 kabla ya kununua. Tulibakiwa na siku chache mno. Pia hakuna aliyenieleza mwanzoni kwamba asbesto ya paa haimo katika tathmini ya kawaida. Lazima uiombe na uilipie kando. Niliigundua kwenye kurasa za mwisho, katikati ya viambatisho ambavyo sidhani kama kuna binadamu aliyewahi kuvisoma.

Ukikodi watu wa kazi hii, uliza kabla ya kusaini nani hasa atakuja kiwanjani, na uwatajie mwenyewe majirani wazee unaowajua.

Muuzaji alikubali kulitoa tangi kwa gharama yake ndipo tuuziane. Siku lilipoinuliwa kwa winchi nilikuwepo. Lilikuwa na kutu lakini zima, isipokuwa tundu moja dogo chini kabisa, mkabala na mdomo wa kujazia. Yule mama akaniambia ndipo kijiti cha kupimia mafuta kilipokuwa kikigonga, kila siku, kwa miaka yote ile.