TAHADHARI: Mbarika "wasio na pembe" wanaouzwa kwenye magrupu ya wafugaji

Ndugu wafugaji wa mbuzi wa maziwa, soma hapa kabla hujatuma hela. Kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akinadi mbarika (majike ambao hawajazaa) wa Saanen, aina ya mbuzi wa maziwa, "wasio na pembe, baba na mama wote hawana pembe". Sifa hiyo ndiyo anayopandishia bei. Nilinunua wawili, laki nne kila mmoja. Mwaka na nusu, hakuna aliyeshika mimba. Mmoja akaanza kunuka kama beberu na kuwapanda wenzake. Daktari wa mifugo alipoinua mkia alikuta kinembe kimekua kama uume mdogo. Ni huntha, yaani si jike kamili wala dume kamili. Wa pili vilevile.

Nilipomdai, muuzaji alisema nawalisha vibaya, kisha akaniblok. Chakula hakihusiki kabisa.

Kwa mbuzi, jeni (chembe ya urithi) ya kutoota pembe ndiyo yenye nguvu: nakala moja, ya baba au ya mama, inatosha. Jeni ya pembe hujificha, na pembe huota pale tu mtoto anaporithi nakala mbili. Lakini jeni hiyohiyo ya kutoota pembe ina upande wa pili uliojificha. Jike mwenye nakala moja huzaa kama kawaida. Akipata mbili, viungo vyake vya uzazi hugeukia udume na anakuwa tasa. Watafiti walikipata chanzo chake mwaka 2001: kipande cha DNA kimepotea.

Sasa pigeni hesabu. Wazazi wote wawili wasio na pembe, kila mmoja na nakala moja: kwa wastani, jike mmoja kati ya wanne anayepatikana hapo ni huyo tasa. Beberu akiwa na nakala mbili, ni nusu ya majike. Mimi nimepata wawili kwa wawili. Naamini wazima anabaki nao, hawa anatutupia sisi.

Anauza pia mabeberu kwa ahadi kwamba watoto wote watakosa pembe. Beberu mwenye nakala moja akipanda majike wenye pembe, watakaokosa ni kama nusu tu. Ukimpandishia majike wasio na pembe, unaingia kwenye hasara kama yangu.

Ukitaka mbarika asiye na pembe, dai kuwaona wazazi wote wawili kwa macho, si kwa picha. Mmoja wao akiwa na pembe za kuzaliwa, mtoto hawezi kubeba nakala mbili. Papasa na vichwa vyao, maana wapo wanaochomwa pembe utotoni na kubaki na kovu; hao ni wa pembe. Inua mkia wa mbarika mwenyewe. Muuzaji akikukatalia kumkagua, ondoka na hela yako.

Wawili wangu wameishia buchani. Uliyenunua kwake, mkague wako leo kabla hujaendelea kumlisha ukisubiri mimba.