Gereji ya mabasi jirani na stendi ya Nanenane, Dodoma: breki safi, chujio bado

Kwenye breki hawabahatishi. Fundi akikuta laini (bitana ya breki inayobana gurudumu) imeisha upande mmoja, anabadilisha pande zote mbili za ekseli, la sivyo basi litavuta upande ukikanyaga. Matangi ya upepo wa breki wanayatoa maji kabla ya kukukabidhi gari. Kila kazi inaandikwa daftarini pamoja na kilomita, jambo adimu kwenye gereji zetu.

Shida ni chujio la hewa. Kwa vumbi hili la Dodoma, wao wanalipuliza kompresa kutoka nje, vumbi linazidi kuzama kwenye karatasi. Simama hapo wapulize kutoka ndani, upepo uwe mdogo. Likitoboka, injini inakula mchanga. Nati za tairi nazo hawakumbushi: zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.