Kitafuta Samaki Kwenye Mtumbwi Mdogo: Zima Hivi Vipicha Haraka!

Haya jamani, karibuni tena. Leo salamu ni fupi, maana hiki kidude kimenipandisha hasira na nataka muone wenyewe kabla betri haijaniaga. Kitafuta samaki, skrini ya inchi tano, sona, yaani kutazama majini kwa sauti, ya kilohezi 200. Mambo ya kwenye boksi mnayajua: skrini, kebo, transdusa, yaani kile kipande cha kuzamisha kinachotuma na kupokea sauti, na bano la kufungia. Wengine wanakata selotepu mbele ya kamera dakika kumi nzima. Mimi nimekata nyumbani, nimekuja nacho majini.

Basi, niko kwenye mtumbwi wa mtu mmoja, jaketi la kuokolea nimevaa, msianze kuniandikia. Maji yametulia. Ngoja niweke kasia hapa polepole lisigonge ubavu, maana ukigonga mtumbwi samaki wanasikia kabla hujajua wapo.

Tazama skrini. Huu mstari mnene chini ni sakafu ya ziwa, mita 6. Na hapo juu yake mnaona nini? Samaki! Mmoja, wawili, huyu mkubwa, huyu mdogo, kila mmoja kaandikiwa kina chake. Na sikieni mlio... pii. Umesikia? Pii, pii. Ukiwa mgeni wa mambo haya unatetemeka mikono, unashusha ndoano, unakaa hapo mpaka jua linakuchoma kisogo, na huku kidude kinaendelea kukuhesabia samaki. Ndoano haiguswi. Unaanza kuisema chambo, unausema mshipi, unajisema na wewe.

Sasa nataka mtazame hili kwa makini, na wale wa kupeleka video mbele msipeleke. Hili ni chubwi. Nalisogeza karibu na kamera. Halina ndoano, halina chambo. Ni kipande cha risasi kwenye mshipi, basi. Nalishusha taratibu pembeni mwa transdusa, hapa hapa. Mita moja. Mbili. Tazama skrini, usinitazame mimi. Tatu... Pii! Kimechora samaki. Mita 3.1! Samaki wa risasi jamani!

Subiri, sijamaliza. Nalishika hapo hapo, silisogezi. Ona. Samaki wa pili. Ona, wa tatu huyo. Wa nne. Chubwi ni moja, halijaenda popote, na mtumbwi haujaenda popote, ila skrini inatembea. Kila inaposogea kinapata mwangwi uleule na kinachora samaki mpya. Kwa hiyo ukiwa umetia nanga, kisiki kimoja kilichosimama chini kinaweza kukutengenezea kundi zima.

Haya, sasa tiba. Menyu. Mipangilio. Sona. Halafu ushuke, ushuke, ushuke tena, wameificha huku chini kabisa: alama za samaki. Zima. Na kengele zima. Afadhali!

Sasa tazama chubwi lilelile. Halina mapezi tena. Ni mstari mmoja ulionyooka, unakwenda sambamba na sakafu. Nikivuta juu, mstari unapanda. Nikiachia, unashuka. Juu, chini, juu, chini, mnaona ngazi inajichora? Hiki ndicho kifaa nilicholipia! Naona chambo changu kiko wapi kwa wakati huu huu, naweza kukiweka juu kidogo ya samaki nikakichezesha mbele ya macho yake. Kwa nini wanakifunika kitu kizuri hivi kwa katuni?

Kidude hakimjui samaki. Kinajua mwangwi. Kinatuma sauti chini, inagonga kitu, inarudi, kinapima muda. Kwenye maji yasiyo na chumvi sauti inakimbia karibu mita 1,480 kwa sekunde, kwa hiyo hapa mita 6 kwenda na kurudi ni kama sehemu 8 kati ya 1,000 za sekunde. Na kinachorudisha mwangwi mkubwa kwa samaki hasa ni kibofu chake cha hewa. Sauti ikikutana na hewa majini inarudi kwa kishindo. Sasa jiulize, chini ya ziwa hewa iko kwa samaki peke yake? Mapovu yanayotoka kwenye tope yana hewa. Magugu yana hewa. Programu ikiona kitu kimeelea bila kugusa chini, inasema haya, chora samaki. Basi.

Samaki wa kweli ukizima alama anaonekanaje? Inategemea nani anatembea, wewe au yeye. Ukipiga kasia polepole ukapita juu yake, unapata upinde. Anaingia pembeni mwa sauti, umbali ni mrefu. Unafika juu yake, umbali unapungua. Unamwacha, unaongezeka tena. Ndiyo huo upinde mgongo juu. Lakini mtumbwi ukisimama na samaki akisimama, ni mstari, kama chubwi letu. Watu wanangoja upinde wakiwa wametia nanga, wanaona mistari, wanasema kifaa kibovu. Kifaa hakina kosa hapo.

Na nisisahau: huu ukingo wa kulia wa skrini ndio sasa hivi. Kingine chote upande huu kimeshapita. Samaki aliye kushoto kwenye skrini hayuko kushoto kwa mtumbwi! Nimeona watu wakirusha ndoano kushoto.

Tuje kwenye upana. Sauti inatanuka inaposhuka, mfano wa mwanga wa tochi. Hii ya kwangu inatanuka nyuzi 20. Kwenye mita 6 unapata duara la mita 2 na kitu. Kwenye mita 3, duara la mita moja tu, na mtumbwi wenyewe ni mrefu kuliko hapo. Yaani samaki wote wanaokuzunguka huwaoni, unamwona aliye chini ya makalio yako, naye kwenye maji mafupi hakai hapo kukungoja. Kwenye maji ya mita moja na nusu kizime kabisa, okoa betri, tumia macho.

Faida yake kubwa mimi naiona kwenye sakafu. Pale maji yanapoanguka ghafla kutoka mita 3 kwenda 7, mawe, kingo za magugu. Sakafu ngumu inarudisha mwangwi mnene, wakati mwingine unapata na mwangwi wa pili chini yake. Tope linarudisha hafifu. Na msimu wa joto ukiongeza usikivu kidogo utaona utando mwembamba umelala katikati ya maji. Usiufute! Hapo ndipo maji ya joto ya juu yanapokutana na ya baridi ya chini, na kwenye maziwa mengi chini ya hapo hewa ni haba. Kwa hiyo shusha ndoano mpaka juu ya ule utando, usipitilize. Ukiwa umewasha alama, huo utando wote unageuka samaki, unashangilia peke yako ziwani.

Kuna watu kwenye maoni wanasema nichukue ile ya duara kama mpira, ya kurusha kwa fimbo ya kuvulia, inayotuma picha kwenye simu. Nimeijaribu. Ukiwa ukingoni ni nzuri sana. Ndani ya mtumbwi? Vidole vimelowa, simu haikuelewi, jua linapiga kwenye kioo, mkono mmoja kasia, mwingine fimbo, simu utaishika kwa meno? Wengine wananiambia sona ya moja kwa moja, kama LiveScope ya Garmin iliyotoka 2018. Hiyo sibishani nayo, unamwona samaki akiifuata chambo. Ila bei yake, na ukubwa wa betri inayotaka, kwenye mtumbwi wa mtu mmoja ni kubeba mzigo badala ya kwenda kupumzika. Na kwenye mashindano watu wameshagombana juu yake vya kutosha.

Betri, betri. Ile ya asidi ya volti 12, ampea-saa 7, ina uzito wa kilo mbili na zaidi. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo ni karibu kilo moja. Kwenye meli huo uzito si kitu, kwenye mtumbwi unausikia. Vyovyote vile weka katikati, chini kabisa, uifunge. Usiiweke nyuma tezini eti kebo ni fupi, utakuja kupiga kasia omo, pua ya mtumbwi, ikiwa hewani.

Halafu miwani ya jua. Ukivaa ile ya kukata mng'ao, ukiinamisha kichwa kidogo skrini inakuwa nyeusi, ukadhani imeharibika. Inamisha upande wa pili. Haijaharibika.

Kabla sijasahau, Jumamosi nitakuwa mubashara, tutasoma picha za skrini zenu, kwa hiyo zitumeni, na ziwe za alama zimezimwa! Na yule aliyesema sauti ya video iliyopita ilikuwa ya upepo mtupu, nimenunua maikrofoni nyingine, umefurahi?

Bei. Kwa skrini hii hii kuna toleo la juu lina ramani, na tofauti yake ni kubwa. Kwa mtumbwi mdogo, kwenye ziwa unalolizoea, sioni sababu. Chukua hili la chini. Na kama lipo la mwaka juzi bila programu yao mpya ya "akili ya kutambua samaki", chukua hilo, maana hiyo akili ndiyo tumeizima sasa hivi.

Swali linalojirudia ni kufunga transdusa bila kutoboa mtumbwi. Kama ni wa plastiki ngumu au faiba tupu, unaweza kuigandisha kwa ndani kwa silikoni, sauti inapita. Ila pasiwe na povu la hewa hata moja kwenye hiyo silikoni, na kama mtumbwi una tabaka la foamu katikati ya kuta zake, sahau. Joto la maji nalo halitasoma sawa, litasoma joto la mtumbwi. Mtumbwi wa mti, usihangaike na ndani. Funga transdusa kwenye kipande cha ubao, ushushe ubavuni mpaka izame kidogo, kibane kwa kamba, na unapokwenda nchi kavu ukumbuke kuipandisha. Wangu huu hapa, bano linalegea tena, ngoja nilikaze.