Uzoefu wangu Blue Lagoon, Iceland: nililipia maji yaliyokwisha kuzalisha umeme

Picha za mitandaoni hazisemi jambo moja: Blue Lagoon, bwawa maarufu la kuogea la Iceland, si chemchemi ya asili. Maji yake yanatoka kwenye mtambo wa umeme wa Svartsengi, na ukiwa umesimama bwawani unaona mvuke wa mtambo huo ukipanda upande wa pili wa mawe meusi. Wapo wanaolijua hilo wakajihisi wamedanganywa. Mimi ndilo lililonipeleka, na baada ya kuoga pale naona ndilo jambo zuri kuliko yote.

Mtambo ulianza kazi mwaka 1976. Visima vyake vinashuka hadi kilomita mbili hivi, na maji yanayopanda yana joto la takriban nyuzi 240. Ni maji ya bahari yaliyochanganyika na maji ya mvua yaliyopenya ardhini, theluthi mbili kwa moja hivi. Yana chumvi na madini mengi mno kupitishwa kwenye mabomba ya nyumba za watu, kwa hiyo joto lake linahamishiwa kwenye maji safi ya baridi, na hayo ndiyo yanayokwenda kupasha nyumba. Mvuke unazungusha mashine za umeme. Yaliyobaki yakawa yanamwagwa kwenye lava ya jirani, yaani mawe ya volkano yaliyoganda, wahandisi wakitarajia yatazama ardhini. Hayakuzama. Silika iliyomo, madini yale yanayofanya mchanga na kioo, iliganda, ikaziba matundu ya mawe, na dimbwi likatanda. Mwaka 1981 mgonjwa mmoja mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa na kubanduka magamba, akajaribu kuoga humo na akaona nafuu. Mwaka 1987 pakafunguliwa rasmi kwa watu wote.

Nilikwenda mwaka 2025, wakati rasi ya Reykjanes, ilipo Blue Lagoon, ilikuwa bado haijatulia. Yeyote anayefikiria kwenda lazima alijue hili kabla ya kukata tiketi. Novemba 2023 mji wa Grindavík, ulio jirani kabisa, ulihamishwa wote usiku mmoja kwa sababu ya matetemeko, na tangu Desemba mwaka huo volkano imelipuka mara kadhaa. Novemba 2024 lava ilifunika maegesho ya magari ya Blue Lagoon yenyewe. Barabara niliyopita imejengwa juu ya lava hiyo, nyeusi tii, na sehemu nyingine bado zilikuwa zinafuka. Kuzunguka mtambo na bwawa wamejenga boma refu la mawe na udongo ili kuikengeusha lava. Panafungwa pakitokea dalili na kufunguliwa hali ikitulia, kwa hiyo usipange ziara ya saa chache kati ya ndege mbili bila kuangalia taarifa za asubuhi hiyo. Ni kilomita 20 hivi kutoka uwanja wa ndege wa Keflavík, na kutoka mji mkuu, Reykjavík, ni chini ya saa moja kwa basi.

Ukifika unapewa bangili ya kielektroniki. Ndiyo ufunguo wa kabati lako, na ndiyo inayoandika deni la kinywaji ukinunua ukiwa ndani ya maji, unalipa unapotoka. Kisha unafika kwenye suala la bafu, na hapa naomba Waswahili wenzangu wanisikilize. Iceland nzima, kabla ya kuingia kwenye bwawa lolote, unaoga kwa sabuni bila nguo yoyote. Si dharau wala si kukosa haya. Mabwawa yao yanatumia klorini kidogo, na hili la Blue Lagoon halina kabisa, kwa hiyo usafi wa maji unategemea usafi wa anayeingia. Katika mabwawa mengi ya mitaani bafu ni la wazi, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Blue Lagoon wana vyumba vyenye milango, nami nilishukuru. Mama mmoja aliyekuwa amevaa vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima na kichwa aliingia majini bila mtu kumtazama mara mbili. Kwa anayejali stara, hapa panamfaa kuliko mahali pengi nilipowahi kuogelea.

Nywele sasa. Makala za Wazungu zinaligusa kwa sentensi moja, na hazituhusu sana sisi wenye nywele za kipilipili. Silika ikikauka kwenye nywele inazikakamaza, zinakuwa ngumu na nzito, na kuzichana ni kazi. Haiziharibu moja kwa moja, lakini itakuchukua kuosha mara kwa mara mpaka zirudi zilivyokuwa. Bafuni wameweka kondishona ya bure: jaza kichwa kizima, usiisuuze, kisha fungia nywele juu. Kwa mwenye rasta za kusuka ningesema avae kabisa kofia ya kuogelea, kwa sababu unga ule mweupe ukiingia katikati ya msuko hautoki mpaka ufumue. Mimi nilifanya vyote viwili na sikujuta. Cheni na pete za fedha ziache kabatini. Maji yenye salfa yanazifanya nyeusi.

Kuna njia ya kuingia majini ukiwa bado ndani ya jengo, halafu unapita mlango na kutokea nje ukiwa umezama mpaka mabegani. Itumie. Upepo wa Reykjanes ni mkali, na kutembea na nguo ya kuogelea kwenye baridi ile, hata hatua chache, ni adhabu. Maji yenyewe ni nyuzi 38 hivi, na kuna pembe ambako yanakuwa moto zaidi, unazijua kwa kuona watu wamejikusanya. Kina kilinifika kifuani, kwa hiyo asiyejua kuogelea hana la kuogopa. Harufu ya yai viza ipo mwanzoni, baada ya muda pua inazoea. Chini unakanyaga mawe, na mara tope laini la silika linapita kati ya vidole vya miguu. Niliyachota maji kwa kiganja nikaona ni meupe. Ubuluu ni wa silika inavyorudisha mwanga wa jua, na ndiyo maana siku ya mawingu bwawa linaonekana kama maziwa.

Tiketi ya kawaida ina taulo, kinywaji kimoja na tope la silika la kupaka usoni, ambalo unalichukua kwenye kibanda kilichomo humo humo bwawani. Unalikalisha dakika kumi na kuliosha. Uso wangu ulibaki laini mpaka kesho yake. Siwezi kudai zaidi ya hapo. Wenye ugonjwa wa ngozi waende na ushauri wa daktari wao, na wenye matatizo ya moyo vilevile, maana joto lile ukikaa muda mrefu linachosha kweli. Kunywa maji mengi.

Bei ni kubwa. Inapanda na kushuka kulingana na siku na saa, na tiketi yangu, ambayo ni ya daraja la chini, ilizidi krona 10,000. Siku hizi krona moja haiko mbali na shilingi moja ya Kenya, kwa hiyo hesabu ni rahisi, na inauma. Asiyetaka kulipa hivyo ana njia nyingine nzuri: karibu kila mji wa Iceland una bwawa la umma lenye maji ya moto wa ardhini. Nilioga pia Laugardalslaug, Reykjavík, kwa chini ya krona 2,000. Pale ndipo utakapowaona wenyeji, wazee wakizungumza siasa majini jioni baada ya kazi. Kwa kuwaelewa watu, pale ni bora. Kwa kuelewa nchi inavyotumia moto wake, ni Blue Lagoon.

Na hilo la mwisho ndilo ninalotaka wasomaji wa Afrika Mashariki walitazame kwa makini, kwa sababu moto huo tunao. Olkaria, karibu na Naivasha, imekuwa ikitoa umeme wa mvuke tangu 1981. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ikajenga bwawa la kuogea ndani ya hifadhi ya taifa ya Hell's Gate kwa mfano wa hili la Iceland, nalo pia linatumia maji yaliyopita kwenye kazi ya umeme. Nimeoga kote kuwili. Olkaria ina jua, ina pundamilia barabarani, na nauli yake mtu wa kawaida anaimudu. Wataalamu wetu wengi wa mvuke wamesomea Iceland, kwenye mafunzo yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwishoni mwa miaka ya 1970. Tofauti niliyoiona ni mnyororo wa matumizi. Svartsengi joto halipotei: linatoa umeme, linapasha nyumba, linaogewa, kisha silika inatengenezwa mafuta ya ngozi. Februari 2024 lava ilipokata bomba la maji ya moto kutoka Svartsengi, zaidi ya watu 20,000 walibaki bila joto katikati ya baridi. Kwetu hatuhitaji kupasha nyumba, lakini tuna mazao yanayooza kwa kukosa vikaushio na maziwa yanayosubiri kuchemshwa, na Naivasha tayari shamba la maua la Oserian limepasha vitalu vyake kwa joto hilo hilo. Natamani kuona wafugaji na wakulima wanaopakana na visima wakipata sehemu yao ya moto ule, si wageni wa hoteli tu.

Ningelipia Blue Lagoon tena? Ndiyo, mara moja zaidi, nikiwa na mama yangu. Ningechagua saa za jioni, watu wanapopungua. Ukienda, nunua tiketi mapema mtandaoni, kwa sababu mlangoni nafasi mara nyingi zimekwisha, na kama familia ina mtoto wa chini ya miaka miwili fahamu kwamba haruhusiwi kuingia. Wakubwa kuliko hapo, hadi miaka 13, wanaingia bure na mzazi.