Uzoefu wangu na Mwandishi ya Herbie Hancock

Mtu akiniambia jazi ni muziki wa kulia chakula hotelini, albamu ninayompigia ni Mwandishi. Nimeisikiliza kwa muda mrefu, kwanza kwenye simu, baadaye kwenye CD, na bado hainichoshi. Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, aliitoa mwaka 1971 kupitia kampuni ya rekodi ya Warner Bros. Ina nyimbo tatu tu. Upande wa kwanza wa santuri una mbili, upande wa pili wote umechukuliwa na mmoja.

Sisi wa Kiswahili tunaguswa kabla hata besi haijaanza kulia, kwa sababu kila mwanabendi ana jina letu. Hancock ndiye Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart ni Jabali, Bennie Maupin wa klarineti na filimbi ni Mwile, Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye kweli alikuwa daktari, ni Mganga. Majina hayo yalitoka kwa James Mtume, mwanamuziki kijana aliyekuwa kwenye harakati za Wamarekani Weusi ambazo zilikipenda sana Kiswahili. Wapo wanaosema majina hayo yalikuwa pambo tu la enzi zile. Sikubaliani nao. Sikiliza wanavyopokezana: hakuna anayewahi mbele kujionyesha, na mmoja akishika wazo, wengine wanampisha mpaka alimalize.

Wimbo wa kwanza ni Ostinato, na hapo ndipo ningekuomba ukae sana. Umetungwa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati aliyekuwa mahabusu wakati bendi inarekodi San Francisco mwishoni mwa Desemba 1970. Besi inashika mstari mmoja na kuuzungusha kwa karibu dakika 13. Mzunguko wake una mapigo 15: hesabu 8, kisha 7, halafu rudi mwanzo. Pigo moja limekatwa, kwa hiyo mguu unaogonga sakafuni unakuta duru mpya imeshaanza. Mara za kwanza unahesabu. Baadaye mwili unazoea pengo lile na unaanza kulingoja kwa hamu.

Juu ya besi hiyo zipo dramu mbili, ya Hart na ya Leon Chancler, ambaye naye anajulikana kama Ndugu. Konga, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono, ni za José Areas wa bendi ya roki ya Santana, na gitaa ni la Ronnie Montrose, yule ambaye baadaye aliunda bendi yake ya roki nzito. Pamoja na watu wote hao, muziki haujajaa. Kinanda cha umeme cha Hancock, Fender Rhodes, kimepitishwa kwenye mashine ya mwangwi, na kila anachogusa kinaendelea kuishi hewani wakati vidole vimeshahama. Klarineti ya besi ya Maupin inanguruma kule chini, sauti ileile aliyoitia kwenye Bitches Brew, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Aliyekulia kwenye taarab hatapata shida hapa. Ameshazoea wimbo kuchukua muda wake kabla ya mambo kukolea.

You'll Know When You Get There ni ya utulivu, inafika dakika 10 hivi. Henderson anapuliza kwa upole mkubwa, na filimbi inaingia bila kumfunika. Ni nzuri sana usiku.

Wandering Spirit Song, utunzi wa Priester, ndio unaopima subira. Unazidi dakika 20. Unaanza taratibu, vyombo vya kupuliza vikisogea pamoja, kisha katikati mpangilio unafumuka na kila chombo kinalia kivyake. Kwa sikio langu sehemu hiyo imerefushwa kupita inavyohitaji. Lakini siirushi, kwa sababu bila ile vurugu, utulivu unaorudi baadaye usingekuwa na uzito.

Kuhusu kusikiliza, nasema kwa msisitizo: usitumie spika ya simu. Besi inapotea, na ikipotea Ostinato yote imekufa. Hedifoni za kawaida zinazofunika masikio zinatosha, na utafurahia jinsi dramu mbili zilivyotenganishwa. Wala usiiweke huku unafanya kazi nyingine inayotaka akili.

Bendi hii haikuuza sana. Ilitoa Crossings mwaka 1972, Patrick Gleeson akiongeza sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, kisha Sextant mwaka 1973, halafu Hancock akaivunja. Mwaka huohuo akatoa Head Hunters, akiwa amebaki na Maupin peke yake kutoka kikosi cha zamani, na hiyo ikauza kupita kiasi. Naipenda Head Hunters, inachezeka. Ila inaniuma kwamba wengi wanaanzia hapo na kuishia hapo, bila kujua kikosi cha Mganga na Jabali kilishafika mbali kiasi gani.

Anayependa kumiliki albamu yenyewe atafute toleo la CD mbili la mwaka 1994 linalokusanya kazi zote za Hancock za Warner Bros. Ndani yake mna Fat Albert Rotunda ya mwaka 1969, Mwandishi na Crossings. Ile ya kwanza ni nyepesi, ya kuchangamsha, na mwenye haraka anaweza kuanzia hapo. Mimi ningemwambia aende moja kwa moja kwenye Ostinato, aongeze sauti, na akiipenda aendelee na Sleeping Giant inayofungua Crossings.