Pedi za breki za mbele za Akebono kwenye Toyota IST: zimeshuka mlima wa Mombo bila kulia

Anayeishi Lushoto haambiwi umuhimu wa breki. Kutoka hapa mpaka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na unateremka karibu mita elfu moja kabla hujaiona barabara kuu ya kwenda Arusha. Kwa hiyo nikisifia pedi, sikuzipima kwenye foleni ya mjini.

Gari langu ni Toyota IST ya 2004. Seti ya pedi iliyotangulia ilikuwa ya shilingi 18,000, jina silitaji. Asubuhi ilipiga kelele mpaka majirani wakajua naondoka. Hilo ningelivumilia. Ubaya wenyewe ulianzia Soni: nikikanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari linaendelea kuteleza, na harufu ya kuungua inaingia dirishani. Pedi zikishapata moto kupita kiasi zinapoteza mkwaruzo, hata ukanyage kwa miguu yote miwili. Giya ndogo inasaidia, ila haiwezi kuwa breki yako ya kila kona.

Hizi za Akebono, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1929, nilizinunua Tanga mjini, Ngamiani, kwa 65,000. Nilikwenda na pedi chakavu iliyobaki tangu matengenezo yaliyopita, nimeifunga gazeti. Fanyeni hivyo. Muuzaji alinitolea boksi la kwanza akisema, "Dada, IST ni IST tu, hizi zinaingia." Nikazilaza mbili kaunta, mgongo kwa mgongo: masikio ya ile mpya, yaani ncha za bati zinazotokeza pembeni, yalikuwa yamezidi kama milimita mbili. Akacheka, akaingia ndani, akarudi na boksi jingine. Ningerudi nayo ile ya kwanza ningefika Lushoto, nifungue tairi, ndipo nijue nimepoteza nauli.

Kufunga nilifunga mwenyewe uani, mwanangu wa kidato cha pili akinishikia tochi na kuuliza maswali. Sehemu sawa, hendibreki juu, mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Nati za tairi, spana namba 21, unazilegeza gari likiwa bado chini. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukishanyanyua, weka stendi. Bolti ya chini ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ikitoka, kalipa inafunuka kwenda juu. Ukiamua kuitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa mafuta ya breki.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini zile za zamani zilikwisha vibaya. Upande wa kushoto, pedi ya ndani ilikuwa imebaki bati na utando mwembamba, ya nje bado ina nyama nzuri tu. Ukiona hivyo, usikimbilie kulaumu pedi, shika pini za kalipa. Ya chini ilikuwa imekauka, naivuta inagoma. Kalipa inatakiwa icheze juu ya pini hizo ili ibane pande zote mbili. Pini ikigoma, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Niliisafisha kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nikaipaka grisi maalumu ya breki. Siyo grisi ya bearing, ile inavimbisha mipira. Mafundi wengi wa haraka haraka wanairuka hatua hii, kisha baada ya muda mfupi unarudi kununua pedi nyingine.

Pistoni ya kalipa, inayosukuma pedi, niliirudisha ndani kwa klampu, pedi ya zamani ikiwa katikati, taratibu, kifuniko cha kopo la mafuta ya breki kikiwa wazi na jicho likiwa hapo, maana mafuta yanapanda, na yakimwagikia bodi yanakula rangi. Vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Pedi zangu zilikuja na vibati vyake vya mgongoni tayari, zikakaa bila kugongwa nyundo.

Kabla ya kuwasha na kuondoka, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Mkanyago wa kwanza unazama mpaka chini kabisa, na huo hupaswi kuukuta barabarani. Kisha zizoeshe: kutoka spidi 50 punguza mpaka 10 bila kusimama, kama mara kumi hivi, ukiziachia zipoe katikati. Kupata tambarare ya kufanyia hayo huku kwetu nako ni kazi.

Sasa zimeshapita msimu wa mvua na safari nyingi za Mombo, gari limejaa watu na magunia ya kabichi. Kelele hakuna. Soni nafika pedali ikiwa na imani ileile niliyoondoka nayo, na rimu hazijawa nyeusi sana. Kama diski zako zina mitaro au usukani unatetemeka ukifunga breki, anza na diski, vinginevyo hizi 65,000 hutaziona faida yake.

Lawama yangu ni kwa duka. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ilibidi niiombe, na nilipouliza kuhusu waranti muuzaji alinionyesha kibandiko ukutani: "Bidhaa ikiuzwa hairudishwi."