Duka la vipuri vikuukuu Katwe, nilikonunua karibu pikipiki nzima kipande kwa kipande

Duka ninalolieleza hapa halina kibao. Liko Katwe, Kampala, nyuma ya mafundi wanaochomelea mageti, na utalitambua kwa matangi ya mafuta ya pikipiki yaliyofungwa kwa waya juu ya paa lake la bati. Katika miezi 5 iliyopita nimelifikia mara 11 kutoka Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala, kwa kuwa nilikuwa nikiunda pikipiki barazani kwangu kwa kuunganisha vipuri vya pikipiki mbalimbali, na sehemu kubwa ya vipuri hivyo nilivipata pale. Nawaandikia wanaotaka kuifanya kazi hii nyumbani. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na vifaa vyote na mikono mizuri, lakini muuzaji asipomruhusu kupima kabla ya kulipa, atarudi nyumbani na mzigo wa vyuma visivyokubaliana.

Nilitaka pikipiki iliyoinuka, inayoweza kupita njia za vumbi na matope za kuelekea Zirobwe, lakini yenye injini ambayo fundi yeyote wa kijijini ameshaifungua. Kwa sababu hiyo nilichagua fremu ya Yamaha DT125, ambayo kiwandani huwekewa injini ya mipigo miwili inayounguza oili pamoja na petroli, nikaamua kuivika injini ya mipigo minne ya mtindo wa CG125. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, na valvu zake husukumwa na vijiti badala ya mnyororo wa ndani, jambo linaloifanya ivumilie matunzo haba. Viwanda vingi vya China viliiga muundo huo, na ndiyo maana hata leo pistoni, ringi na gasketi zake hupatikana katika vituo vidogo vya barabarani. Injini zote mbili hutoa mnyororo upande wa kushoto, na zote hutumia mnyororo namba 428. Kama hayo mawili yangetofautiana, nisingeanza.

Mwenye duka ni mzee wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda ambako Kiswahili huzungumzwa, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Nilipomwambia natafuta injini, alinionyesha tatu zilizokuwa chini ya turubai, akaisifia moja kuwa ni ya sentimita za ujazo 150. Nilifuta grisi kwenye namba iliyopigwa mhuri upande wa kushoto wa kasha la injini, nikasoma 156FMI. Msomaji aikariri namba hii, kwa sababu inasema kweli zaidi ya muuzaji yeyote: tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni daraja la ujazo wa 125. Injini ya 150 ya ukoo huohuo huandikwa 162FMJ. Nilimwonyesha mzee, naye hakubisha wala hakukasirika. Alimwita kijana wake afungue kichwa cha silinda mbele yangu, tukapima kwa kalipa tukapata milimita 56.5, kipimo ambacho pamoja na mwendo wa pistoni wa milimita 49.5 hutoa sentimita za ujazo 124 na kidogo. Akapunguza bei kutoka shilingi 800,000 hadi 650,000 papo hapo, akasema, "Afande, namba imesema, mimi sina la kuongeza."

Kitendo hicho cha kufungua injini mbele ya mnunuzi ndicho kinacholitenga duka hili na mengine niliyoyapitia. Kwingine niliambiwa kuwa injini ikishafunguliwa imeshanunuliwa. Hapa nilimwaga oili juu ya gazeti nikatafuta chembe za chuma kwa sumaku, nikashika shafti ya gurudumu la sumaku nikaitikisa juu na chini kuona kama beringi za krankishafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, zimekwisha, nikapitisha gia zote huku nikizungusha shafti kwa mkono, na hakuna aliyenihimiza. Kichwa kilirudishwa kwa gasketi mpya niliyoilipia, na nyumbani nikarekebisha nafasi ya valvu kuwa milimita 0.08 injini ikiwa baridi.

Kuhusu fremu, mzee aliniletea kwanza moja iliyonyooka vizuri, bei ya kuvutia, bila logibuku, yaani kitabu cha usajili wa chombo. Niliikataa, na ninamshauri kila mmoja aikatae, hata kama ni nzuri kiasi gani, kwa sababu pikipiki zilizoibwa huvunjwa na kuuzwa kama vipuri, na fremu ndiyo inayobeba utambulisho wa chombo. Wiki mbili baadaye alinipigia simu kwamba imepatikana nyingine yenye kitabu. Nilipaka chaki kwenye shingo ya fremu, nikafuta kwa kitambaa hadi tarakimu zikabaki nyeupe ndani ya mikwaruzo yake, nikalinganisha moja baada ya nyingine na zilizoandikwa kwenye logibuku. Zilifanana. Nililipa 450,000. Lawama yangu hapa ni moja: risiti nililazimika kuiomba mara tatu, na mara ya tatu ndipo ilipoandikwa namba ya fremu na namba ya injini. Bila maandishi hayo mabadiliko ya injini hayawezi kupelekwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ili yaingizwe kwenye usajili, na muuzaji wa vipuri vikubwa kama hivi angepaswa kuyatoa bila kuombwa.

Watu wengi huanza kwa kuchomelea vishikizo vya injini halafu wakatafuta gurudumu la nyuma. Nawasihi wafanye kinyume. Mahali pa injini huamuliwa na mstari wa mnyororo: sproketi, yaani gurudumu la meno linalobeba mnyororo, ya mbele na ya nyuma zinapaswa kutazamana sawasawa, la sivyo mnyororo utakula meno ya upande mmoja na siku moja utaruka. Mzee aliniruhusu kuileta fremu kutoka Bombo juu ya teksi, nikaisimamisha juu ya kreti mbele ya duka lake, injini ikiwa imewekewa vipande vya mbao chini, nikajaribu magurudumu matatu ya nyuma yenye habu (vitovu vya gurudumu) tofauti. La kwanza lilipishana na sproketi ya mbele kwa milimita 9, la pili kwa 6, la tatu kwa 2 tu, na hizo 2 nilizimaliza kwa washa, yaani pete nyembamba za chuma, nyuma ya sproketi. Ilichukua saa 4 na wateja wengine walilazimika kutuzunguka ili waingie. Hakunitoza chochote kwa muda huo, na gurudumu lenyewe alinipa kwa 100,000. Baada ya hapo ndipo nilipokata kiolezo cha katoni, nikakihamishia kwenye bamba la chuma la milimita 6, na mchomeleaji wa Bombo akavishika vishikizo kwa nukta chache kwanza, tukapima tena kwa uzi, kisha akamaliza.

Gurudumu la mbele ndilo lililonipa kazi kubwa kuliko yote, na hapo ndipo niliuona uzuri na upungufu wa duka hili kwa pamoja. Foku ya DT, yaani miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwepo, lakini gurudumu lake la inchi 21 halikuwepo. Kijana wa duka alinishauri niweke la inchi 17 la pikipiki ya Boxer, lililokamilika na tairi. Nilikataa, kwa kuwa ekseli ingeshuka kwa takriban sentimita 5, pua ya pikipiki ingeinama, pembe ya foku ingesimama zaidi, na usukani ungekuwa mwepesi kupita kiasi kwenye kokoto. Mzee akatafuta rimu tupu ya inchi 21 yenye matundu 36, na kwa kuwa habu ya Boxer aliyokuwa nayo ilikuwa na matundu 36 vilevile, tuliweza kuviunganisha kwa spoki mpya zilizokatwa kwa urefu wake. Kwa rimu na habu nililipa 90,000. Beringi za habu zilikuwa namba 6301, yaani tundu la milimita 12, ilhali miguu ya foku ilitobolewa kwa ekseli ya 15. Mkerezaji wa jirani alinikerezea bushi mbili za chuma, ndani 12 na nje 15, zikaingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mpira. Kazi safi, shilingi 30,000.

Tatizo lilikuwa sahani ya breki. Katika breki ya ngoma, sahani inayobeba viatu vya breki haipaswi kuzunguka na gurudumu, na kinachoizuia ni jino lililo kwenye mguu wa foku ambalo huingia katika mfereji wa sahani. Jino la DT halikulingana na mfereji wa Boxer. Lilibaki nje kabisa. Kijana alikaza nati ya ekseli kwa nguvu zake zote, akasema, "Afande, hii imekaa, haiwezi kuzunguka." Nilimwomba azungushe gurudumu kwa mkono, kisha nikavuta mkono wa breki. Sahani iligeuka karibu robo ya mzunguko mbele ya macho yetu, ikauvuta waya wa breki hadi ukakaza kama uzi wa gitaa. Barabarani, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kitendo hicho kingeukata waya au kulifunga gurudumu la mbele, na mwendeshaji angepita juu ya usukani.

Mzee alikuwa anakunywa chai. Aliacha kikombe, akaja, akatazama, akamwambia kijana kwa sauti ya chini, "Hiyo hapana. Mtu atavunjika shingo." Akaichukua habu akaiweka nyuma yake, akakataa niondoke nayo hadi mkono wa kuizuia utengenezwe. Tulitengeneza kwa ukanda wa chuma wa milimita 25 kwa 5, upande mmoja umefungwa kwa boliti kwenye sahani na mwingine kwenye kibano kinachokumbatia mguu wa foku, kwa sababu mguu huo ni wa aluminiamu na haukufaa kuchomelewa. Namheshimu sana kwa kitendo kile. Hata hivyo nimebaki na wasiwasi, kwa kuwa kijana yule huuza peke yake mzee asipokuwepo, na si kila mnunuzi atafikiria kuvuta breki kabla ya kuondoka. Ninatamani mzee amfundishe kwa makusudi, si kwa kumsahihisha pale tu ajali inapokaribia.

Udhaifu mkubwa wa duka hili ni umeme. Kila kipuri kinachouzwa hupakwa doa la rangi ya njano na tarehe huandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na ukikirudisha ndani ya siku 7 na doa likiwepo, unabadilishiwa kingine. Mpango huo ni wa haki na nimeutumia mara mbili bila mabishano. Lakini vipuri vya umeme havimo. Waliniuzia kisanduku cha CDI, yaani kile kinachoamuru plagi itoe cheche, kwa shilingi 40,000 wakinihakikishia kwamba ndicho cha injini yangu, na nyumbani plagi haikutoa cheche hata moja. Nilibadilisha plagi, koili na waya kwa siku mbili kabla ya kugundua kwamba kisanduku kile kilikuwa cha aina inayohitaji volti 12 za betri, ilhali injini yangu ni ya aina ambayo koili iliyo chini ya gurudumu la sumaku hukilisha kisanduku moja kwa moja, bila betri. Kisanduku kilikuwa kizima. Kilikuwa tu cha pikipiki nyingine. Nilipokirudisha niliambiwa umeme haurudi, na ilinibidi nieleze, mbele ya wateja, kwamba sikukichagua mimi, walinichagulia wao. Mwishowe walinipa cha pili kwa nusu bei. Bado naona nilipaswa kubadilishiwa bure, na ushauri wangu ni kwamba vipuri vya umeme vinunuliwe vipya, dukani pengine, baada ya kuuliza kama ni vya betri au vya koili.

Kwa kila kitu, pamoja na foku ya 180,000 na tangi na kiti kwa 150,000, mzee nilimlipa shilingi 1,620,000, mbali na visanduku viwili vya CDI. Tairi, mnyororo, waya za breki na spoki nilinunua vipya kwingine, na sijuti. Anayekwenda afike kabla ya saa 4 asubuhi, siku ambayo mzee yupo, akiwa na kalipa, sumaku, chaki, uzi na picha ya kila mahali ambapo kipuri kitafungwa. Ijumaa adhuhuri hufungwa kwa ajili ya swala.

Pikipiki imeshatembea kilomita 640. Mnyororo nimeukaza mara moja, boliti za vishikizo mara mbili, na mkono wa breki ya mbele huukagua kila asubuhi kabla ya kuwasha. Nimemwomba mzee aniwekee sahani halisi ya DT pamoja na habu yake pindi itakapoingia, naye ameandika namba yangu ya simu kwenye mlango wa duka kwa rangi ileile ya njano.